Hatua Kumi na Mbili za Kabamba

Daftari hili likipotea, lirudishwe kwa Madame Cathy, mwalimu wa darasa la sita, kijiji cha Kwa Nday, kilomita kumi na nane kutoka Kamina kwenye njia ya Base, kambi ya jeshi. Atakayeliokota asisome. Ninaandika Kiswahili cha kitabu kadiri ninavyoweza, lakini nikichemka kinatoka cha nyumbani, na mimi nachemka upesi.

6 Oktoba

Hesabu isubiri! Ève amepiga simu saa nne, katikati ya somo. Ève ni mdogo wangu, ananiita Yaya, anaandika kwa kompyuta katika ofisi moja ya jimbo pale Kamina mjini, na hapigi kamwe saa za kazi. Nimetoka nje mbio nikijua ni msiba.

"Yaya, ikala chini. Serikali iko inafuta bapermi!"

"Bapermi gani?"

"Ya madini! Ya petroli, ya gaz, yote! Muntu alikamata permi, akailalia myaka na myaka bila kuchimba hata shimo ya panya, banamunyanganya. Iko mu radio tangu asubui!"

Nimepiga kelele hadi watoto wote wakajaa madirishani. Nimewaambia darasa limekwisha, kisha nikakumbuka ni saa nne tu, nikawarudisha ndani.

Niandike sababu, maana siku moja nitasahau hasira hii. Miaka sita iliyopita kampuni moja (jina lake refu, sisi tunasema Société tu) ilipewa permi, kibali cha kuchimba, juu ya kilima chetu. Walikuja siku mbili, wakasimika nguzo nne za beto, yaani zege, wakala mbuzi wetu, wakaenda. Tangu hapo hakuna aliyeona hata sururu. Madini gani? Wengine wanasema shaba, wengine lithium, mzee Kabamba anasema ni mawe. Lakini mwezi wa nane ilifika barua yao: mashamba ya kilimani yasipandwe msimu huu, mashine zinakuja Januari. Shamba la mama yangu Ngalula liko katikati kabisa. Nguzo moja imesimama ndani ya mihogo yake.

Mama hana shamba lingine. Mimi na Ève tumesomeshwa na lile. Mahindi yasipoingia udongoni kabla ya katikati ya Desemba, mwaka umekufa, na mashine zikipanda kule, shamba nalo limekufa. Mbegu zake zinaning'inia jikoni juu ya moshi, mahindi na maganda yake, yamefungwa mawili mawili. Leo usiku nimemwambia habari ya Ève. Ameziangalia zile mbegu, akasema: "Tutaona." Mama yangu na "tutaona" yake!

9 Oktoba

Joto la kuua. Mbegu bado juu ya moshi.

14 Oktoba

Mvua ya kwanza! Bati la shule limeimba hadi nikaacha kufundisha. Harufu ya udongo imeingia hadi ndani ya chaki. Kila mwaka siku hii mama anakuwa shambani kabla sijaamka. Leo alisimama mlangoni na jembe mkononi, akatazama kilima, akalirudisha jembe pembeni. Nimelia kidogo nyuma ya nyumba, kisha nikaacha, kwa sababu kulia hakufuti permi.

19 Oktoba, Jumapili

Gamaliel alikuwa hekaluni leo. Gamaliel wangu! Nilimfundisha huyu mtoto kushika kalamu. Alikuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo, na sasa Société imempa kazi ya kuongea na sisi wanakijiji. Viatu vyake vinang'aa hadi pasta alivitazama. Baada ya ibada alinisogelea.

"Madame, nasikia komisyon ya serikali itakuya kuangalia kilima. Mi niko muntu ya Société, lakini mi ni mutoto ya hapa. Bageni bakubwa batapita wapi? Njia ni mbaya, daraja ilianguka. Mufanye salongo, Madame. Bakuye bakute kijiji inasimama."

Moyo wake umenigusa. Kula mkate wa Société na bado kutufikiria! Nimekwenda moja kwa moja kwa shefu Nday, mkuu wa kijiji, viatu vya kanisani vikiwa bado miguuni. Shefu alifikiri kidogo, akasema kazi hiyo ya kijiji kizima ifanywe Jumamosi. Njiani nikamwambia kila niliyekutana naye, na nisiyekutana naye nikamfuata.

Mmoja tu alinikatalia. Kabamba, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na bado anavaa kofia yake. Alikuwa anakaanga karanga mbele ya nyumba.

"Minyi, mi siende."

"Juu ya nini, Tata Kabamba?"

"Hii njia inaenda wapi? Ku kilima. Ku kilima iko nani? Société. Mi sitengenezee Société njia."

Nimemweleza pole pole, kama ninavyomweleza mtoto wa sita anayerudia darasa: njia ni ya komisyon, komisyon ni ya serikali, serikali inafuta permi. Akanipa karanga kiganjani. "Kula, Madame. Siende." Yule mzee ni mvivu tu, kofia yake na yeye.

25 Oktoba, Jumamosi

Mgongo wangu! Lakini siku gani, mama wee, siku gani!

Kwetu salongo ina utaratibu wake. Shefu anatembea mbele kwa hatua ndefu, anapima kumi na mbili kwa kila nyumba, anachomeka kijiti. Kati ya vijiti viwili ni kazi ya nyumba yako, na hakuna mwingine anayeigusa. Ukikata sehemu ya mtu ni kama umesema amekufa, kwa sababu ni marehemu tu ambaye majirani wanamkatia, wiki ya msiba. Mimi natembea nyuma na kaye, daftari la salongo, naandika nani yupo na nani hayupo. Asiyekuwepo analipa kuku. Tuko nyumba sitini na moja, toka barabara kubwa mpaka kijito chini ya kilima.

Gamaliel alifika saa moja na pikipiki imebeba mzigo. Jile sitini, vizibao vya rangi ya machungwa! Mpya, kwenye nailoni, maandishi ya Société mgongoni. "Zawadi, Madame, ya kujikinga." Na ndoo ya rangi nyeupe ya kupaka zile nguzo za beto, eti wageni wazione vizuri. Watu walizinyang'anyana. Wanaume walizivaa juu ya vifua vitupu. Na mimi nimevaa, nisijifanye. Imenikaa vizuri hata.

Tumefanya kazi na nyimbo. Daraja limesimama saa sita, magogo manane, na shefu mwenyewe amelirukia mara tatu kulijaribu. Gamaliel alipiga picha na simu, hapa, pale, "Madame, cheka kidogo," nikacheka na jembe juu.

Doa ni moja. Katikati ya njia, hatua kumi na mbili za majani, kati ya kijiti cha mama yangu na kijiti cha jirani yake. Kabamba hakuja. Nimeandika: Kabamba, hayupo, kuku moja. Nimeandika kwa nguvu hadi kalamu imetoboa karatasi.

28 Oktoba

Aibu imenishinda. Nikipita njia ile nzuri nafika kwenye yale majani, nasikia kama mtu ameacha kitufe kimoja wazi kwenye shati jipya. Leo baada ya shule nimechukua panga. Najua desturi. Nilijiambia: nani ataniona?

Sijakata hata jani moja. Kabamba ametokea, sijui toka wapi, akaingia katikati ya majani, akakaa chini. Kofia tu ndiyo ilionekana.

"Madame, minyi nimekufa?"

"Tata Kabamba, tafazali, simama."

"Kama nimekufa, kata. Kata na minyi pamoja."

Mvua ikaanza. Yeye amekaa, mimi nimesimama na panga, wote tunalowa. Nikamwambia yeye ni aibu ya kijiji. Nikarudi nyumbani. Mama ameniuliza panga la nini, nikasema la kuni, na kuni sikuwa nazo.

30 Oktoba

Mvua. Mvua. Mbegu bado juu ya moshi, mbili zimeanza kuliwa na panya.

3 Novemba

Ève ametuma picha kwa WhatsApp. Ni ukurasa wa faili la Société, limepita mezani kwake likienda kwa komisyon. Juu wameandika kwa Kifaransa: kazi zilizofanywa na kampuni. Njia moja. Daraja moja. Nguzo nne zimerekebishwa. Wafanyakazi sitini. Na chini, picha. Jile za machungwa zimepangana barabarani, na mbele kabisa, meno yote nje, jembe juu, mimi!

Nimempigia.

"Ève, hii ni salongo yetu!"

"Yaya, minyi nayua. Lakini bale ba komisyon hawayue. Société ilikuwa karibu kupoteza permi juu haikufanya kazi hata moja. Sasa iko na kazi. Mulibafanyia beye!"

Sisi. Sisi wenyewe, kwa majembe yetu, na nyimbo! Na nani alizunguka kijiji chote na viatu vya kanisani akiwaita watu? Nimejifungia chooni nikapiga ukuta hadi vidole vimeuma. Ee Leza, Mungu wangu, nimemchimbia mama yangu kaburi la shamba lake, nikalipaka rangi nyeupe.

4 Novemba

Mkutano kwa shefu. Nimesimama nikasema yote, bila kujifichaficha. Nilifikiri watanizomea. Kelele moja kubwa ikazuka juu ya Société. Wengine wakataka kuchoma jile, wengine kwenda Kamina usiku huu huu. Mimi nilisema tubomoe daraja, na nilikuwa wa kwanza kusimama.

Shefu Nday alinyanyua mkono. "Madame, batoto ba shule banapita wapi kesho? Na tukivunja, Société itasema tumevunja kintu yake. Njo tutakuwa bezi, na polisi juu."

Ni kweli. Nimekaa. Kabamba alikuwa mlangoni, hakuingia, hakusema "niliwaambia". Afadhali angesema. Alinitazama, akanipa karanga.

Tumekubaliana hivi: komisyon ikija, tutatoa kaye ya salongo. Imeandikwa tarehe, imeandikwa majina, mwandiko wangu. Karatasi kwa karatasi. Na hakuna atakayevaa jile.

9 Novemba, Jumapili

Gamaliel amethubutu kuja kusali! Nimemngoja nje, nikamshika mkono wa koti mbele ya kwaya nzima.

"Gamaliel. Nani alikufundisha kuandika?"

"Weye, Madame."

"Basi nilifanya kosa. Ningeacha ubaki na kidole gumba."

Alitazama viatu vyake. Akasema kwa sauti ndogo: "Madame, wakifuta permi, mi sina kazi tena. Niko na batoto batatu." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi makali, na pale pale yamepotea nusu. Nusu iliyobaki nimemwambia.

13 Novemba

Watu wa mjini wamepanda mahindi yao, yamefika kifundoni. Yetu juu ya moshi.

17 Novemba

Ève: komisyon inakuja Alhamisi. Sijala.

20 Novemba, Alhamisi

Niandike taratibu, nisirukerukie. Nimekunywa maji vikombe viwili kwanza.

Jeep mbili zimefika saa tatu, matope hadi madirishani. Ndani ya jeep ya kwanza, mkuu wa komisyon, mwanamke, enjinia Mwenze, mfupi, buti za mpira, hacheki. Karibu naye Gamaliel na faili mapajani. Kijiji chote tulikuwa barabarani. Shefu amevaa koti lake la sherehe.

Gamaliel ameshuka akaanza kusoma. Njia, daraja, nguzo, wafanyakazi sitini. Sauti yake ilikuwa ile ile aliyosomea shairi siku ya kufunga shule. Mimi nimeshindwa kuvumilia uongo ule.

"Bongo! Bongo yote!"

Enjinia amenigeukia. Amechukua ile picha, ameitazama, amenitazama. "Madame, huyu si weye?"

Uso umewaka moto hadi masikioni. "Ni minyi," nimesema. "Lakini ile ilikuwa salongo."

Nimempa kaye. Amesoma ukurasa mzima, pole pole, na kidole. Tumaini langu lote lilikuwa chini ya kile kidole. Kisha Gamaliel amesema, bila kunitazama: "Mama enjinia, kaye kama hii banaweza kuandika mu mangaribi moja tu. Madame ni mwalimu."

Na enjinia amejibu: "Ni kweli." Amenirudishia kaye. Nyuma yangu nimesikia mama akivuta pumzi.

Jeep zimeanza kwenda kilimani kuangalia kazi za Société. Sisi tukazifuata kwa miguu, kama tunasindikiza jeneza. Zimekwenda hatua mia tatu hivi, breki. Dereva ametoa kichwa nje. Mbele yake majani marefu yamefika kiunoni, yamefunga njia upande hadi upande, na hakutaka kuingiza gurudumu asipopaona.

Enjinia ameshuka. "Hapa iko nini?"

Gamaliel amefungua faili, kana kwamba jibu limo humo. "Hapa... mashini iliharibika."

"Mashini gani?"

"Ya... kukata."

Enjinia amesimama katikati ya njia. Ametazama nyuma, njia safi. Ametazama mbele, ng'ambo ya majani, njia safi. Akainama akapapasa, akakuta kijiti cha mama yangu. Akaingia ndani ya majani na zile buti zake, akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nikaanza kuhesabu naye moyoni. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili, na mkono wake ukashika kijiti cha pili.

Amegeuka kwa shefu kwa heshima. "Vidye, beye munapima kumi na mbili? Kwetu Malemba tunapima kumi."

Yoo! Mtoto wa Malemba-Nkulu! Mtu anayejua salongo ni kitu gani! Shefu amejibu akinyoosha koti lake. "Kumi na mbili, mama. Manyumba ni kidogo, njia ni murefu."

"Mwenye sehemu hii ni nani?"

Kabamba ametoka nyuma ya watu, ameshika kofia mkononi. "Minyi."

"Juu ya nini haukukata?"

"Sikupenda."

Kicheko kililipuka hadi ndege wakaruka. Enjinia mwenyewe ameuma mdomo. Ameomba tena kaye. Kidole chake kimeshuka mstari kwa mstari, mpaka pale kalamu yangu ilipotoboa karatasi. "Kabamba. Hayupo. Kuku moja," amesoma. Kisha amemuuliza Gamaliel, kwa upole kabisa: "Mufanyakazi yenu akikosa kuya, Société inaacha majani yake katikati ya njia mpaka anakufa?"

Gamaliel amefunga faili.

Basi ameomba kila nyumba isimame kwenye sehemu yake. Hakuna aliyehitaji kuelekezwa! Tumetawanyika mbio toka barabara hadi kijito, wengine wakivuka majani ya Kabamba wamenyanyua vitenge, na kila mmoja amesimama kati ya vijiti vyake. Enjinia ametembea njia nzima kwa miguu. Hapa mfereji umechimbwa vizuri, pale umekwaruzwa tu, maana mwenyewe alikuwa na homa. Kila mtu ameelezea pake, mpaka na aibu zake. Alipofika kwa mama yangu ameuliza: "Mama, Société ilikupa nini?"

"Jile."

"Iko wapi?"

"Ku nyumba. Kuku inalalia mayai mule."

Ameandika hilo. Nimeona kwa macho yangu, ameandika la kuku!

Kilimani ameangalia nguzo nne nyeupe, akauliza shimo la kwanza liko wapi. Hakuna shimo. Amefunga daftari. Hakutuahidi kitu, ila wakati wa kupanda jeep amempa Kabamba mkono.

Na mimi? Nimemfuata Kabamba hadi kwake. Nilitaka kupiga magoti, akaniambia nisichafue kitenge. Nimemwomba msamaha wa panga, wa "aibu ya kijiji", wa yote niliyosema na niliyoandika humu, ambayo hakuyasoma lakini nimemtajia. Mvivu, nilimwita mvivu! Alisikiliza yote akigeuza karanga.

"Mu reli," amesema, "kila mwenye alitengeneza fasi moja alikuwa anasema njia yote ni yake. Njo mi niliogopa Société tu." Kisha: "Kula."

21 Novemba

Darasa la sita limecheza "mashini iliharibika" mapumziko mazima. Sikuwakataza.

5 Desemba

IMEFUTWA! Ève ametuma orodha, kurasa na kurasa, namba ndogo ndogo. Nimeitafuta yetu na macho yamejaa maji, nikairuka mara mbili. Ukurasa wa tisa. Namba ile ile iliyochongwa kwenye nguzo, ile ninayoijua kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa. Nimekimbia bila viatu. Nimepiga kengele ya shule, kijiji kikafikiri kuna moto. Shefu amecheza! Koti la sherehe na yote!

Mama alikuwa jikoni. Nimesimama mlangoni, nimeonyesha simu tu. Hajui kusoma Kifaransa, lakini uso wangu ameusoma. Amepanda juu ya kigoda, amefungua kamba, ameshusha mbegu moja moja, akapuliza masizi. Saa tisa mchana, mvua inanyesha. Nikamwambia angoje kesho.

"Kesho gani?" amesema, na amekwenda.

6 Desemba

Tumepanda mchana kutwa. Kijiji kizima kilimani, kila shamba lina watu. Mikono haishiki kalamu.

11 Januari, Jumapili

Palizi. Mahindi yamepita goti. Huu ndio mwezi wa zile mashine! Nimezingoja kwa dhihaka, hakuna hata baiskeli.

Gamaliel amekuja shambani, viatu vya kawaida. Société imefunga ofisi yake. Alisimama kando ya nguzo, hakujua aanzie wapi. Mimi nilikuwa na la kusema, lakini mama amenitangulia. Amemtupia jembe. "Ule mustari ni yako. Usikate muhindi." Amepalilia hadi jioni. Amekata mihindi miwili. Nimemwambia nimeiona.

14 Februari, Jumamosi

Leo salongo. Asubuhi Ève amepiga: kuna kampuni nyingine, jina jipya, imekwisha kuulizia kilima kile kile. Zamani ningekimbia na hii habari bila viatu. Leo nimevaa viatu, nimekwenda polepole kwa shefu, nimemwambia yeye peke yake kwanza.

Watu walikuwa wamekwisha kusanyika. Na nani yuko mbele, jembe begani, kofia ya reli, kuku chini ya kwapa? Kabamba! Amemkabidhi shefu yule kuku wa Oktoba mbele ya watu wote. "Deni ni deni," amesema, wakampigia makofi. Kisha amekwenda kwenye majani yake, yamefika juu ya kichwa sasa, akatemea mate viganja, akanyanyua jembe.

"Tata Kabamba, acha!" Ni mimi niliyepiga kelele.

Amesimama jembe likiwa hewani. Nimemtazama shefu. Shefu amewaambia watu habari ya Ève, yote. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetaka kubomoa daraja. Watu wamegeuka mmoja mmoja wakatazama yale majani. Shefu amevipapasa vijiti viwili, akavisukuma ndani zaidi kwa kisigino.

"Hii fasi itabakia vile iko, njo ushahidi yetu," amesema. "Tutaacha kanjia ka muguu pembeni, ka batoto. Mwenye atakata majani ya Kabamba, atalipa kuku. Kabamba pia."

Kabamba amefanya kazi upande wa shule hadi saa sita, na amefanya kuliko vijana. Tumerudi kwa mama tukachoma mahindi mabichi ya kilimani, ya kwanza, matamu hadi nimeungua ulimi kwa haraka. Kabamba amekula matatu. Karanga hakutoa, amesema leo ni zamu yetu.

Sasa hivi nimenakili kaye ya leo. Nyumba sitini na moja, wote wapo. Kwenye mstari wa Kabamba nimeandika: Yupo. Sehemu yake: majani, hatua kumi na mbili, yasiguswe. Kalamu haikutoboa.